Wasomaji Wanauliza: Aliingiaje, Nani Anamzuia, Atatokaje?

SWALI: Nafundisha historia watoto wa miaka 12 na 13. Wanakariri vizuri kwamba ufalme ni utawala wa mfalme na demokrasia ni utawala wa watu. Nilipowauliza Uingereza ya leo iko wapi, nusu walisema ufalme, nusu demokrasia, na kila upande ukanitaka niseme nani amekosea. Nianzie wapi?

JIBU: Hakuna aliyekosea, Mwalimu. Kilichokosewa ni ile orodha inayoweka ufalme, jamhuri, demokrasia na udikteta katika safu moja, kana kwamba nchi lazima ichague mojawapo. Maneno hayo yanajibu maswali mawili tofauti. Ufalme au jamhuri hukuambia mkuu wa nchi amekipataje kiti, kwa kurithi au kwa njia nyingine. Demokrasia au udikteta hukuambia kama wananchi wana uwezo wa kuwaondoa wanaowatawala.

Chora msalaba mkubwa ubaoni upate vyumba vinne. Uingereza ya leo inaingia chumba cha ufalme wenye demokrasia. Ufaransa ya leo ni jamhuri yenye demokrasia. Ufaransa ya Louis XIV ni ufalme ambao wananchi hawakuwa na namna ya kumgusa mtawala: baraza la matabaka matatu ya nchi halikuitishwa tangu 1614 hadi 1789. Urusi ya Kisovieti chini ya Stalin inaingia chumba cha jamhuri bila demokrasia, ingawa katiba yake ya 1936 ilijaa maneno mazuri kuhusu haki. Hapo watoto hujifunza mapema kutolitegemea jina la nchi.

Baada ya hapo, kila utawala mnaokutana nao uulizwe maswali matatu yaleyale: mtawala aliingiaje, nani anaweza kumzuia, na atatokaje. La tatu ndilo zito zaidi, na ndilo linalosahaulika. Roma baada ya 509 KK ilikuwa na konsuli wawili, yaani wakuu wa nchi, kila mmoja akiweza kumzuia mwenzake, na wote wakitoka baada ya mwaka 1. Kwa Waoromo wa Ethiopia, mfumo wa gada ulimpa kiongozi miaka 8 tu, kisha kundi jingine kati ya matano likashika zamu. Watoto wakishazizoea tarehe za kutoka madarakani, wataona wenyewe ajabu ya Julius Caesar kufanywa dikteta wa maisha mwaka 44 KK, katika mji ambao dikteta alikuwa mtu wa dharura, aliyepewa miezi 6 kwa kawaida.

Tahadhari moja kuhusu Magna Carta, hati iliyomwekea mfalme wa Uingereza mipaka. Ikifundishwa peke yake, darasa linaondoka likiamini kwamba Juni 1215 mfalme alifungwa breki na mambo yakaisha. Papa Innocent III aliibatilisha Agosti ya mwaka huohuo. Iweke kwenye mstari mmoja na 1649, Mfalme Charles I alipokatwa kichwa, na 1689, Sheria ya Haki ilipomkataza mfalme kutoza kodi au kusimamisha sheria bila Bunge. Hapo ndipo inaeleweka kwamba ufalme wa kikatiba ulijengwa kwa zaidi ya miaka 400, kwa mapigano na kurudi nyuma.

SWALI: Nimejaribu igizo la bunge la kale. Likageuka kelele, wanafunzi wawili wenye maneno mengi wakateka kipindi, na kengele ikalia hatujapiga kura. Kuna igizo linaloenea dakika 40 kwa darasa la wanafunzi 40?

JIBU: Lipo. Acha mjadala, igizeni upigaji kura wenyewe. Linalofaa zaidi ni lile baraza la Roma ya kale lililopiga kura kwa makundi yaliyopangwa kwa mali. Kwa mpangilio ulioandikwa na wanahistoria wa kale, makundi yalikuwa 193: wapanda farasi 18, tabaka la kwanza 80, la pili, la tatu na la nne 20 kila moja, la tano 30, na 5 ya wasio na silaha, ambamo maskini wote wasio na mali walirundikwa kwenye kundi moja. Kila kundi kura moja, hata liwe na watu wangapi. Matajiri walianza, na wingi ukishapatikana zoezi lilikomea hapo.

Kwa darasa, punguza iwe makundi 19. Wapanda farasi 2 na tabaka la kwanza 8, kila kundi mwanafunzi 1, jumla 10. Tabaka la pili makundi 2 ya wanafunzi wawili wawili, la tatu makundi 2 ya watatu watatu, la nne makundi 2 ya wanne wanne, la tano makundi 3 ya wanne wanne. Hao ni 40. Wagawie kwa kuchota karatasi. Ukiwapanga wewe, watasema umewapendelea wenye alama nzuri.

Hoja iwe ya sentensi moja: ardhi iliyotekwa vitani wapewe wale ambao tayari wana mashamba. Ita makundi kwa zamu, kuanzia juu. Kura ya ndiyo ya 10 ikipatikana, sema "hoja imepita", weka chaki chini, kaa. Wanafunzi 30 hawajaulizwa kitu. Zogo litakalozuka ndilo somo, kwa hiyo liache dakika mbili kabla ya kuuliza: kuna kanuni iliyovunjwa? Watatafuta na hawataipata.

Kisha waulize wale 30 watafanya nini. Mara nyingi mmoja husema "tunatoka nje". Kwa simulizi za Kirumi, ndivyo watu wa kawaida walivyofanya mwaka 494 KK: walihama mji, na wakarudi baada ya kukubaliwa kuwa na watetezi wao, ambao baadaye walikuwa na kura ya turufu, yaani uwezo wa kuzuia uamuzi. Mpe mwanafunzi mmoja wa tabaka la tano kadi nyekundu ya kura hiyo, rudieni hoja ileile, muone matajiri wanavyoanza kubembeleza.

Panapoharibika ni pawili. Kwanza, matajiri wako wakiona huruma na mmoja akapiga kura ya hapana, igizo limekwama. Kila karatasi ya tajiri iwe na maneno mawili matatu ya siri: una mashamba, unadaiwa fedha za watumwa, ardhi mpya itakuokoa. Pili, walimu hupenda kueleza hesabu kabla ya kura. Usieleze. Hesabu ya 98 kati ya 193, yaani wapanda farasi 18 na tabaka la kwanza 80, iandike ubaoni baadaye, waithibitishe wenyewe.

SWALI: Naogopa kufundisha udikteta. Wengine huishia kumshangilia dikteta, wengine wananiuliza kuhusu wanasiasa wa leo.

JIBU: Usiigize udikteta, na usimpe mwanafunzi cheo cha kuwatesa wenzake hata kwa mzaha. Tumia kadi za tarehe. Kwa Ujerumani zinatosha sita: 30 Januari 1933, Rais Hindenburg anamteua Hitler kuwa chansela, yaani mkuu wa serikali, 27 Februari, jengo la bunge linaungua, 28 Februari, amri ya dharura inafuta uhuru wa raia, 5 Machi, uchaguzi unampa chama chake chini ya nusu ya kura, 23 Machi, bunge linapitisha kwa kura 444 dhidi ya 94 sheria ya kuiruhusu serikali kutunga sheria bila bunge, 14 Julai, vyama vingine vinapigwa marufuku. Wabunge wa kikomunisti hawakuruhusiwa kushiriki kura ya 23 Machi. Waliopinga wote walikuwa wa chama kimoja, cha Social Democrats.

Zichanganye, makundi yazipange, kisha kila kundi liweke kokoto kwenye kadi ambapo, kwa maoni yao, bado mtu angeweza kuzuia, na litaje ni nani. Atakayesema "alichaguliwa tu" na atakayesema "alipindua serikali" wote kadi zitawakosoa. Kuhusu siasa za leo, jibu ni yale maswali matatu: muulizaji ayajibu kwa nchi yoyote aitakayo, kwa ushahidi, bila wewe kutoa hukumu.

SWALI: Binti yangu ana mtihani, anasema Athens, mji wa Ugiriki ya kale, ilikuwa demokrasia kamili. Nimsahihishe?

JIBU: Mwulize nani hakupiga kura: wanawake, watumwa na wageni wakazi. Kisha muulize jambo gumu zaidi. Baraza la watu 500, 50 kutoka kila kabila kati ya 10, walipatikana kwa kura ya bahati nasibu, lakini majenerali 10 walichaguliwa kwa kunyooshewa mikono. Kwa nini majenerali hawakuachiwa bahati? Akilijibu hilo kwa sentensi nne zake mwenyewe, ameiva kwa mtihani.