Kuvuka Ruvuma kwa pikipiki: ubebe kitambulisho gani?

Mara ya kwanza nilipotaka kwenda Mueda, Msumbiji, kwa pikipiki niliishia Mtambaswala, mpakani upande wetu. Daraja la Umoja naliona lile pale, mita 720, halina hata gari moja juu yake, na mimi siruhusiwi kuligusa. Mfukoni nilikuwa na kadi ya NIDA, leseni, na kiburi cha mtu wa Masasi anayejua kwamba ng'ambo ya Ruvuma kuna wajomba zake. Afisa aliigeuza ile kadi mara mbili, akaniuliza: "Kijana, muhuri nikugongee wapi, kwenye paji la uso?" Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nauza vipuri vya pikipiki, kwa hiyo swali hili naulizwa karibu kila wiki na vijana wanaokuja kununua cheni na tairi za safari. Wengi bado wanaamini NIDA inatosha, kwa sababu wamesikia Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanavuka kwa vitambulisho vya taifa. Ni kweli wanavuka, nchi hizo 3 zilianza utaratibu huo mwaka 2014. Sisi hatukuingia, na Msumbiji hata kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki haimo. NIDA ni ya nyumbani. Na wale wenye namba tu bila kadi, wala tusipotezeane muda.

Zinabaki mbili: hati ya dharura ya safari, ambayo ada yake ni shilingi 20,000, na pasipoti, ambayo ni 150,000. Ukipiga hesabu ya duka utachukua hati. Mimi niliichukua, tulikuwa na msiba wa mjomba na hapakuwa na nafasi ya kusubiri, na dirishani ilipita bila neno. Ukiwa na msiba, chukua hiyo hiyo uende ukazike.

Shida haikuwa dirishani. Ilikuwa mbele, kwenye kizuizi cha askari barabarani, porini. Tangu 2017 Cabo Delgado, mkoa ilimo Mueda, kuna vita, na kijana mgeni juu ya pikipiki ndiye mtu wa kwanza kusimamishwa. Askari niliyemkuta hakujua Kiswahili wala Kimakonde, mimi Kireno changu kinaishia kwenye salamu. Aliishika ile karatasi yangu, akaitazama mbele na nyuma, akainyanyua juani, akamwita mwenzake. Mwenzake akamwita mkubwa wao. Nilikaa chini ya mwembe karibu saa nzima, injini imeshapoa, natafakari kwamba 130,000 niliyookoa ni pesa ndogo sana. Safari zilizofuata, na pasipoti, kizuizi cha namna hiyo kinanichukua dakika chache. Kile kijitabu askari yeyote anakijua: anafungua picha, anatafuta muhuri wa kuingia, anahesabu siku, anakurudishia. Viza Mtanzania haombi kwa matembezi ya hadi siku 30, kwa hiyo muhuri ndio kila kitu.

(Na kabla ya vyote, uliza hali ya barabara kwa waliorudi wiki hiyo. Wakikuambia usiende, usiende.)

Kwenye kuomba pasipoti, wengi wetu huku tunakwama kwenye cheti cha kuzaliwa cha mzazi. Mama yangu kazaliwa kijijini Newala, cheti hajawahi kukiona. Tukaenda kwa wakili kuapa, ikakubalika. Ushauri wangu, pesa ya mnada wa kwanza wa korosho ikiingia, itoe ile 150,000 mapema kabla haijageuka godoro. Na pasipoti ikibakiza chini ya miezi 6 kabla ya kwisha muda, usiiamini, kaombe nyingine.

Sasa pasipoti unayo. Pikipiki je? Hapa ndipo watu wananiona nawatisha. Kadi ya pikipiki yangu ilikuwa bado kwa jina la kaka, kama pikipiki nyingi za mjini kwetu zilivyo. Uhamiaji nikapita vizuri, forodha nikaambiwa, "Wewe umepita, pikipiki haijapita." Ilibidi kaka aandike barua ya kuniruhusu, wakili aigonge muhuri, tuambatanishe kopi ya kitambulisho chake. Tena jina langu kwenye barua liliandikwa Hamis, kwenye pasipoti ni Hamisi. Herufi moja! Tukarudia. Kabla hujajaza mafuta, tandaza mezani pasipoti, leseni ya daraja A na kadi ya chombo, usome majina herufi kwa herufi kama mwalimu wa darasa la pili. Ng'ambo kadi ya pikipiki wanaiita livrete, ukisikia neno hilo usibabaike. Karatasi watakayokupa ya kuingiza chombo kwa muda usiipoteze, ndiyo inayoonyesha hukwenda kuiuza.

Kwenye bima ya chombo, ile kadi ya njano ya COMESA ya kuvukia mipaka ni ya nchi kama Malawi na Zambia. Msumbiji haimo, utakata bima yao. Kadi ya homa ya manjano beba. Chanjo moja sasa ni ya maisha.

Kuhusu kutunza pasipoti: mfuko wa shati usiuthubutu. Jasho la kutoka Mangaka mpaka mtoni linatosha kulainisha kurasa. Nimekata mpira wa ndani wa gari, nikaukunja, nikaziba upande mmoja kwa solusheni ya pancha, upande wa pili naufunga kwa lastiki. Unakaa tumboni chini ya fulana. Kopi zinakaa chini ya kiti, mbali na pasipoti yenyewe.

Na saa! Msumbiji wako nyuma yetu saa moja. Siku moja nikirudi nilijiona mjanja, saa 11 kasoro jioni kwao, nikasahau kwetu ni saa 12 kasoro, nikasimama kunywa soda. Nikakaa, nikazungumza, nikagongewa muhuri wa kutoka, nikavuka daraja taratibu nikitazama mto. Upande wa huku dirisha limeshafungwa. Nililala barazani pale, pikipiki imeegeshwa miguuni, ule mpira nimeulalia kichwani, na mbu wa Ruvuma hawakuniuliza kitambulisho.