Maswali yenu wiki hii: chang'aa (pombe kali ya kienyeji) na gundi

*Mume wangu hunywa chang'aa tangu asubuhi. Juzi aliapa kuacha. Kesho yake akaanza kutetemeka, usiku akaanguka kama mwenye kifafa. Majirani wanasema amerogwa. (Mama, Butere)*

Hajarogwa, mama. Mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa ghafla huvurugika: mikono hutetemeka, jasho humtoka mtu, usingizi humkimbia, na wengine huanguka ndani ya siku mbili za kwanza. Akianza kuona wadudu ukutani au kutotambua watoto wake, hali imeshakuwa ya hatari na inaweza kumuua. Usimfungie chumbani "ajifunze", kama wengi wanavyofanya. Mpeleke hospitali leo, useme bila aibu hunywa kiasi gani na alikunywa mwisho lini. Huko atapewa dawa ya kumtuliza, kama diazepamu, pamoja na vitamini B1. Mwili ukishatulia ndipo kazi yenyewe ya kuacha inapoanza, na hiyo huchukua miezi. Akirudia kunywa, msimfukuze. Mrudisheni kwa mshauri.

*Kweli watu wa Magharibi tunaongoza kwa pombe, au tunasingiziwa? (Mwalimu, Kakamega)*

Mwalimu, hamjasingiziwa. Utafiti wa 2022 wa NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, uliwahoji watu wa miaka 15 hadi 65, na eneo la Magharibi likawa mbele: asilimia 23.8 ya watu wake ni wanywaji. Kitaifa ni mmoja kati ya wanane. Lakini maafisa wanaomwaga mitungi ya pombe hawaulizi mama anayeipika atalipa karo kwa pesa gani, ndiyo maana wiki ijayo jiko linawaka tena.

*Nikiwasha chang'aa na moto ukawa wa buluu, si ni salama? (Kijana wa Obunga, Kisumu)*

La. Methanoli, alkoholi yenye sumu inayoweza kuwa ndani ya chang'aa, nayo huwaka buluu, tena huwezi kuitambua kwa ladha. Mei 2014 iliua makumi ya Wakenya na kuwapofusha wengine. Ukiona ukungu machoni saa kadhaa baada ya kunywa, usilale. Kimbia hospitali.

*Nimepata chupa ya gundi kwenye begi la mwanangu. Nimchape? (Baba, Nakuru)*

Usimchape. Gundi inaweza kusimamisha moyo hata mara ya kwanza, na ukimtimua mbio akiwa ameivuta unaongeza hatari hiyo. Ngoja atulie, umuulize anavuta na nani. Kisha piga 1192, simu ya NACADA. Ni bure.