Chimay ya 2016 usiimwage: nilivyoonja bia nyeusi ya Ubelgiji iliyokaa miaka tisa

Mkuu, umeuliza kama ile Chimay Bleue ya chupa kubwa aliyokuletea shemeji yako kutoka Brussels, yenye mwaka 2016 kwenye lebo, bado inanyweka au uimwage. Umesema ukiiinua kwenye mwanga unaona kama matope chini, na walionitangulia kukujibu karibu wote wamesema bia iliyopita tarehe ni sumu. Hapo natofautiana nao, maana jambo hili nimelipitia mwenyewe. Usiimwage. Ila itoe leo hii kwenye hilo kabati la jikoni, sababu nitaieleza huko chini.

Waliokutisha nawaelewa. Mimi ni mtu wa Kilimanjaro, nimekua naiona mbege, pombe yetu ya ndizi. Mbege ina siku yake: leo tamu, kesho imekolea, keshokutwa imechacha na anayeing'ang'ania atalalamika tumbo. Hizi bia zetu za dukani za asilimia tano nazo hazikupikwa ili zikae. Ziache mwaka mzima, utafungua upate harufu ya boksi lililolowa. Mtu aliyezoea vinywaji hivyo lazima ashtuke akiona chupa ya 2016. Lakini bia nyeusi kali za Ubelgiji ni ukoo mwingine kabisa.

Chimay Bleue ina kileo asilimia 9. Ndugu zake wa ukoo huo: St. Bernardus Abt 12 ina asilimia 10, Westvleteren 12 ina 10.2, Rochefort 10 inafika 11.3 (namba zilizo kwenye majina si kileo). Kwa kileo hicho vijidudu vingi vinavyoharibu bia havipati nafasi. Halafu bia hizi zinafungwa zikiwa na hamira hai na sukari kidogo, kwa hiyo zinaendelea kuchachuka ndani ya chupa. Hamira inatengeneza gesi, na pia inaila ile hewa kidogo iliyobaki shingoni, ambayo ndiyo adui mkubwa wa bia. Hayo matope unayoyaona ni hamira hiyo. Imemaliza kazi yake ikalala chini.

Weusi wake nao una siri. Wengi wanadhani umetokana na kimea kilichounguzwa, kama stauti, zile bia za aina ya Guinness. Kwa bia nyingi za aina hii sehemu kubwa ya rangi inatoka kwenye sukari iliyopikwa mpaka ikawa nyeusi. Fikiria sukari guru iliyosahauliwa jikoni ikakaribia kuungua. Ladha ya sukari hiyo haichujuki haraka kama harufu ya hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu. Bia inayojivunia hopsi ikizeeka imepoteza kila kitu. Hii ya kwako haikuwahi kuzitegemea sana.

Sasa yangu. Naishi Namur, hapa Ubelgiji, na mwaka 2014 nilinunua kreti ya Rochefort 10, chupa 24. Rochefort iko mkoa huuhuu, na bia inapikwa ndani ya abasia ya Notre-Dame de Saint-Rémy. Ukiwahi kufika Peramiho au Ndanda unajua abasia ilivyo: wamonaki, sala, kazi za mikono. Hii ya Rochefort ilianzishwa 1230, na habari za upikaji bia pale zinarudi hadi 1595. Ina wamonaki Watrapisti, shirika la Kikatoliki lenye kanuni kali. Wanapika aina chache tu, na ile yenye kizibo cha buluu ndiyo 10.

Nusu ya kreti niliimaliza mapema, na baadhi ya chupa niligawa. Zilizobaki nilizishusha kwenye stoo ya chini ya ardhi, gizani, zimesimama wima. Kule majira yote joto halizidi nyuzi 14. Nilikuwa nafungua moja karibu kila mwaka na kuandika kwenye daftari nilichokutana nacho. Mwaka 2023, bia ikiwa na miaka tisa, nilinunua chupa mpya ya dukani nikaziweka mbili pamoja mezani. Jirani yangu mtu wa Lubumbashi akaja tuonje wote.

Ile mpya nilianza nayo. Povu zito la rangi ya kahawa ya maziwa, gesi inachoma ulimi. Puani unapata ndizi iliyoiva mno, karafuu, pilipili manga, chokoleti, na giligilani waziwazi, kwa sababu Rochefort wanaweka mbegu za giligilani kwenye bia yao. Halafu kileo kinapanda na unasikia moto kifuani. Ni nzuri sana, lakini kila ladha inasema kivyake, kama kikao kisicho na mwenyekiti.

Ile ya 2014 ilifunguka kwa sauti ndogo. Povu lake lilikuwa jembamba, dakika mbili likaisha. Kwenye taa ilikuwa imeelekea wekundu, na safi kuliko ile mpya. Ndizi hakuna. Karafuu ilibaki kwa mbali. Mahali pake palikuwa na tende, zabibu kavu zilizolowekwa, sukari guru, lozi, na kitu kama ngozi ya kiatu kipya. Jirani aliinusa mara tatu, akaweka glasi chini akaniambia kwa Kiswahili cha Kongo, ambako "yaya" ni ndugu mkubwa: "Yaya, hii ya zamani iko na harufu ya sakristia."

Neno hilo lilinisimamisha. Nikiwa shule ya msingi huko Moshi nilikuwa mtumishi wa altare, na aliyewahi kufungua lile kabati la sakristia, chumba cha kanisani anamovalia padri, anaijua harufu yake: mbao, nta ya mishumaa, na divai ya misa iliyofunguliwa Jumapili iliyopita. Ndivyo ilivyokuwa kabisa. Na si bahati tu. Divai ikikutana na hewa polepole inageuka kuelekea lozi na matunda makavu, na hiyo ni sehemu ya siri ya divai kali kama Madeira ya Ureno na baadhi ya sheri za Hispania. Bia nyeusi kali inapita njia hiyohiyo chupani, kupitia kiasi kidogo sana cha hewa kinachobaki au kupenya kwenye kizibo kwa miaka.

Mdomoni ilikuwa laini kama hariri. Kileo ni kilekile, lakini hakichomi tena. Uchungu umepungua, kwa hiyo unadhani utamu umeongezeka. Ukishameza, tende inabaki mdomoni muda mrefu kuliko unavyotarajia kwa bia.

Lakini nisikufiche kitu. Funda tatu za kwanza nilisema sijawahi kunywa bia bora kuliko hii. Nilipofika nusu ya glasi nikaanza kuikumbuka ile mpya, ile giligilani, ile gesi inayosafisha ulimi kabla ya funda linalofuata. Jirani yangu alimalizia ile mpya na kuniachia ile ya zamani, na sikumwona amekosea. Nikirudi kwenye daftari, chupa iliyonifurahisha kuliko zote ni niliyoifungua mwaka 2018, wakati bia ina miaka minne. Hapo viungo vilikuwa bado vipo na tende ilikuwa imeshaingia. Baada ya hapo kila mwaka ulileta kidogo na kuchukua kidogo, na kuanzia mwaka wa saba nadhani ulichukua zaidi. Wanaokwambia bia hizi zinazidi kuwa bora kadiri zinavyokaa wanakuza mambo. Zinabadilika.

Kuna jambo jingine, na ndilo lililonifanya nikuambie uihamishe chupa. Kabla sijapata nyumba yenye stoo, niliishi kwenye chumba kidogo na nilikuwa na chupa mbili za bia nyeusi kali, si hii ya Rochefort, nikaziweka juu ya friji. Juu ya friji ni joto usiku na mchana. Baada ya miaka miwili tu nilifungua ya kwanza: harufu ya mchuzi wa soya na supu ya mifupa, na nyuma yake karatasi iliyolowa. Ya pili ilikuwa vilevile. Hamira iliyokufa inapasuka na kuachia vilivyomo ndani yake kwenye bia, na joto linaharakisha hilo pamoja na kazi yote ya hewa. Kosa lilikuwa langu, bia haikuwa na tatizo. Miaka miwili juu ya friji iliizeesha vibaya kuliko miaka tisa chini ya ardhi ilivyoizeesha ile nyingine.

Wewe uko Dar. Kabati la jikoni, karibu na jiko, ni sawa na juu ya friji yangu au pabaya zaidi. Umesema chupa ilikaa Brussels kwa shemeji mpaka mwaka jana, kwa hiyo nina matumaini nayo. Usiendelee kuiweka "kwa siku maalumu". Huko kwetu, bila chumba cha ubaridi, kila mwezi ni hasara. Fanya hivi: iweke kwenye friji, wima, siku mbili nzima ili mashapo yatulie. Usiilaze. Siku ya kuinywa itoe dakika arobaini kabla, kwa sababu ikiwa baridi kama soda hutasikia chochote zaidi ya utamu. Nyuzi 12 hivi zinatosha. Kizibo chake ni cha koki yenye waya, kigeuze mbali na uso. Tafuta glasi pana yenye mguu, hata ya mvinyo inafaa, na uinamishe chupa mara moja tu na kumimina glasi zote bila kuirudisha wima, maana kila ukiirudisha mashapo yanapanda. Bakiza vidole viwili chini.

Kisha nusa kabla hujanywa. Tende, zabibu kavu, tini, divai ya misa: umepata ulichokitafuta. Mchuzi wa soya au boksi lililolowa: imepita, haitakudhuru lakini hakuna raha. Ukali wa siki: kuna kijidudu kimeingia, hiyo mwaga bila majuto.

Msiinywe kama bia. Senti lita 75 kwa asilimia 9 ni kileo karibu sawa na chupa tatu kubwa za lager ya asilimia tano, na ulaini wake unakudanganya. Watu watatu au wanne wanatosha kwenye chupa hiyo. Chakula chenye pilipili kiweke mbali, kinaifanya iwake. Mimi nimeipenda na korosho za kukaanga, na jibini iliyokomaa. Chimay wana jibini yao pia.

Kuna aliyeandika hapo juu kwamba kama si Westvleteren 12 usijisumbue. Nimeinunua hiyo, enzi za kupiga simu abasia ya Sint-Sixtus inakopikwa na kutaja namba ya gari lako kabla ya kupewa siku ya kwenda kuichukua, na unaahidi hutaiuza tena. Ni bia kubwa kweli. Lakini kijijini Watou, karibu na hapo, kiwanda cha St. Bernardus kilipika bia za wamonaki hao kwa leseni kuanzia 1946 mpaka 1992, na Abt 12 yao inapatikana kwenye supamaketi za hapa bila simu wala ahadi. Nimeziweka zote mbili miaka mitatu, nikazionja bila kuona lebo, na nilichagua Abt 12. Kwa hiyo shemeji akija tena, mwambie anunue Abt 12 mbili: moja akuletee uinywe mwezi huohuo, nyingine akutunzie hukohuko Brussels, chini ya nyumba yake.

Mimi nimebakiwa na chupa moja ya 2014. Nilikuwa nimepanga kuifikisha 2030. Baada ya kuandika haya yote nimeishusha rafu ya mbele, na Krismasi hii tutaifungua na yule jirani.