MT-07 yenye ekzosti mpya: nunua kipimo kabla ya kifaa cha kurekebisha petroli

Ndugu, umeeleza kwamba pikipiki yako, Yamaha MT-07, imefungwa ekzosti kamili isiyo ya kiwandani pamoja na filta ya hewa iliyo wazi zaidi, kwamba sasa inapiga mishindo unapoachilia akseleta na kusitasita kwenye foleni ya Ngong Road, na kwamba huwezi kuamua baina ya kile kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye sensa ya joto la hewa, Power Commander (kisanduku cha kurekebisha kiasi cha petroli), na kuandikwa upya kwa programu ya kompyuta ya injini. Ninaendesha pikipiki ya aina hiyo hiyo hapa Nairobi, yenye mabadiliko yanayokaribiana na yako, na njia zote tatu nimezitumia, ama kwenye yangu ama kwenye za wenzangu ninaosafiri nao. Ushauri wangu ni kwamba ununue kwanza sensa ya oksijeni ya masafa mapana (wideband), inayopima kiwango halisi cha mchanganyiko wa hewa na petroli, pamoja na saa yake ya kuonyesha namba, kwa sababu bila kipimo hicho hakuna atakayejua, si wewe wala fundi wako, iwapo kifaa mlichofunga kimetengeneza au kimeharibu.

Sensa ya oksijeni iliyotoka na pikipiki kiwandani inajua jambo moja tu: kama mchanganyiko uko juu au chini ya 14.7, yaani gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli. Volti zake huruka kutoka karibu 0.1 hadi karibu 0.9 pale mpaka huo unapovukwa, lakini haiwezi kukuambia kama umefika 13.5 au 11.5. Injini inapovutwa kwa nguvu zake zote huhitaji takriban 12.5 hadi 13.2, na hapo kompyuta haiisikilizi sensa hiyo kabisa. Hufuata jedwali lililoandikwa kwa ajili ya ekzosti na filta za kiwandani, ambazo wewe umekwisha kuziondoa.

Katika mwendo wa taratibu usiobadilika mambo ni kinyume, na hapa ndipo pesa nyingi za waendeshaji hupotelea. Kompyuta huisikiliza sensa na kuurudisha mchanganyiko kwenye 14.7 mara kwa mara. Ukiongeza petroli kwa asilimia 6 kwa kifaa cha nje huku sensa ya kiwandani ingali imeunganishwa, kompyuta itaona mchanganyiko umekuwa mzito na itapunguza kiasi kile kile ulichoongeza. Mwenye pikipiki huhisi nafuu siku za mwanzo, kisha nafuu hiyo hutoweka, naye hudhani amefungiwa kifaa bandia.

Hicho kifaa kidogo, kama vile BoosterPlug, huidanganya kompyuta kwamba hewa inayoingia ni baridi zaidi kwa nyuzi 20 za selsiasi, na kwa hiyo petroli huongezeka kwa takriban asilimia 6. Kwa pikipiki iliyobadilishwa sailensa ya nyuma peke yake kinatosha, na sina ubaya nacho. Hata hivyo, hakiwezi kutofautisha kati ya mizunguko 3,000 na 8,000 ya injini kwa dakika, ilhali ekzosti kamili na filta iliyo wazi hubadilisha mahitaji ya injini kwa viwango tofauti katika kila sehemu ya mzunguko. Kwa hali yako nisingekichukua.

Mishindo unayosikia ukiachilia akseleta usiihesabu kuwa ushahidi wa upungufu wa petroli. Pikipiki hii ina mfumo wa AIS unaopitisha hewa safi kwenye ekzosti ili kuchoma mabaki ya petroli, na ekzosti isiyo na kizuizi kikubwa huufanya uchomaji huo usikike. Kagueni kwanza viungo vya ekzosti, kisha valvu ya AIS. Nimeona fundi akiongeza petroli katika safu zote za jedwali ili kunyamazisha mishindo hiyo, na matokeo yake yakawa plagi nyeusi tititi na tanki linaloisha mapema kuliko kawaida.

Power Commander hukaa kati ya kompyuta na injekta (vinyunyizio vya petroli), na huongeza au kupunguza muda ambao injekta hufunguka, kwa asilimia, katika jedwali la mizunguko kila 250 dhidi ya kiwango cha kufunguka kwa akseleta. Jambo hilo la asilimia lina uzito mkubwa kwetu. Utasikia kila mara kwamba ramani (majedwali ya petroli) zilizotengenezwa Marekani au Ulaya hazifai hapa kwa sababu Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako shinikizo la hewa ni kama asilimia 80 ya lile la Mombasa. Hoja hiyo ni nusu ya ukweli. Kompyuta ya kiwandani ina sensa ya shinikizo na inapunguza petroli yenyewe kadiri unavyopanda. Asilimia za Power Commander hupandishwa juu ya hesabu hiyo iliyokwisha kurekebishwa. Nimeitazama saa ya sensa nikishuka kutoka Kiserian hadi Magadi, mteremko wa zaidi ya mita 1,000, na namba katika mwendo ule ule na akseleta ile ile hazikusogea kiasi cha kunishtua. Kinachoifanya ramani ya kupakua isikufae ni kwamba ekzosti ya aliyeitengeneza si yako, na filta yake si yako.

Ukifunga sensa ya masafa mapana, tundu lake lichomelewe mahali mabomba mawili yanapokutana, mbali na ncha ya sailensa, na sensa iinamishwe ili maji ya mvuke yasikae ndani yake. Kisha chunguza kila kiungo kwa tochi. Pikipiki ya mwenzangu mmoja ilikuwa ikionyesha 15.8 katika mwendo mdogo, na kifaa cha kujirekebisha, kinachofuata namba za sensa hiyo, kikawa kinaongeza petroli kila dakika. Tulipoegesha na kuvua kinga ya joto, tulikuta alama ya masizi, nyembamba kama uzi, imetoka chini ya gasketi ya silinda ya kushoto. Hewa ya nje ilikuwa ikivutwa kupitia ufa huo kati ya mpigo na mpigo, sensa ikaihesabu kama upungufu wa petroli. Gasketi ya bei ndogo ilirudisha namba mahali pake.

Kuandika upya programu ya kompyuta ndiyo njia safi kuliko zote mahali palipo na fundi anayeijua: hakuna kisanduku cha kuingia maji msimu wa mvua, muda wa cheche unaweza kurekebishwa, na ukatwaji wa petroli unapoachilia akseleta unaweza kulainishwa. Lakini betri ikilegea katikati ya uandishi, kompyuta inaweza kufa, kwa hiyo chaja imara ni lazima. Tena muulize fundi, kabla hajagusa chochote, atapima mchanganyiko kwa kutumia nini. Akikujibu kwamba anaisikia injini kwa masikio, mshukuru na uondoke.

Kwa hali yako ningechukua Power Commander pamoja na moduli yake ya sensa ya masafa mapana. Inachomekwa kwenye soketi za kiwandani bila kukata waya, na siku ukiuza pikipiki unaichomoa. Hakikisha toleo la modeli yako linakuja na kipande kinachochukua nafasi ya sensa ya kiwandani, la sivyo utarudi kwenye ule mvutano niliouelezea. Unapoagiza kutoka nje, weka kando ushuru pamoja na VAT ya asilimia 16, maana bei ya tovuti haitakuwa bei utakayolipa. Ziwekee kikomo asilimia ambazo moduli inaruhusiwa kubadilisha, na usikubali mapendekezo yake kabla injini haijapata joto kamili.

Kusitasita kwako kwenye foleni kunahusu safu za jedwali za akseleta iliyofunguliwa kwa asilimia 2 na 5, na huko petroli si mshukiwa pekee. Mwambie fundi asawazishe throto bodi (milango ya hewa ya injini) zote mbili na aangalie ulegevu wa mnyororo kabla hujatoa hata shilingi ya kifaa. Gharama yake ni ndogo, na kwenye injini hii ya silinda mbili tofauti huhisika mara moja. Baada ya hapo niandikie namba za saa katika mizunguko ya 3,000, 5,000 na 7,000, kwanza kwa akseleta ndogo kisha kwa akseleta iliyofunguliwa yote, nami nitakutumia jedwali ninalolitumia ulinganishe safu kwa safu.