"Binti, leo usiniulize"

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: mtu akinenepa na kuugua kwa sababu ya vyakula vya haraka, alaumiwe yeye au kampuni zinazoviuza? Nilianza kuandika nikiwa na jibu la maneno manne: mdomo ni wa mtu. Nilisimama nyuma ya kaunta ya mgahawa wa aina hiyo kwa miaka mitatu na sikumlisha mtu yeyote kwa nguvu.

Hilo "kwa nguvu" ndilo lililonikwamisha.

Siku ya kwanza kazini hatukufundishwa kukaanga, tulifundishwa kuuliza. Mteja akitaja chipsi na soda, humwulizi "saizi gani?" Unauliza "Kubwa?" huku kidole kimeshatua kwenye kitufe. Nyuma ya mlango wa jikoni palibandikwa karatasi yenye majina yetu, na kila "ndiyo" ilikuwa alama moja. Mwisho wa mwezi mwenye alama chache aliitwa pembeni. Mimi sikuwahi kuitwa.

Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuja karibu kila jioni, ufunguo wa gari unaning'inia kidoleni. Anaagiza vilevile, namwuliza vilevile, anageuka kutazama foleni nyuma yake, anasema, "Haya." Haikuwa haya ya mtu mwenye hamu. Ilikuwa ya mtu asiyetaka kuchelewesha wenzake. Jioni moja, kabla sijafungua mdomo, aliinama kidogo akaniambia kwa sauti ya chini: "Binti, leo usiniulize." Nikamwelewa, nikabonyeza ndogo. Msimamizi alikuwa nyuma yangu anahesabu vifuniko vya vikombe. Akanyoosha shingo juu ya bega langu, tabasamu hadi masikioni: "Kubwa, mzee?"

Mzee akanitazama mimi, si yeye. "Haya."

Nikafuta, nikabonyeza upya. Kesho yake alipanga foleni kwa mwenzangu, na alama zake zikaenda huko. Niliona wivu, Mhariri. Wivu wa alama!

Mtasema "hapana" ni neno jepesi. Mwaka 2002 huko New York, McDonald's ilishitakiwa kwa niaba ya wasichana wawili kwamba chakula chake kimewanenepesha. Mwaka uliofuata Jaji Robert Sweet aliitupa kesi: anayejua kwamba kula hivyo kupita kiasi kunadhuru, si kazi ya sheria kumlinda na ulafi wake. Nakubaliana naye. Ila katika uamuzi huohuo alieleza kwamba vile vipande vyao vya kuku vina vitu ambavyo mpishi wa nyumbani hatumii. Sasa mlaji angejuaje?

Na kujua penyewe hakutoshi. Mwaka 2019 watafiti wa serikali ya Marekani walichapisha jaribio la watu 20 waliokaa kituoni mwao wiki nne: wiki mbili chakula kilichosindikwa sana, wiki mbili cha kawaida, wale watakavyo. Sukari, mafuta na chumvi vilivyowekwa mezani vilikuwa sawa. Kwenye kile cha kusindikwa walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku, na hapo hakuna aliyewauliza "Kubwa?"

Mimi pia sikuulizwa. Chakula cha zamu kilikuwa bure, nami nilijipakulia kubwa kwa mkono wangu. Mwaka wa kwanza sketi mbili zilikataa kufunga. Kwa hizo sina wa kumshitaki.

Kwa hiyo bado nasema alaumiwe mlaji. Lakini yule mzee namtoa. Watoto wanaovutwa na midoli iliyowekwa ndani ya boksi la chakula nao nawatoa, na anayetoka kazini usiku hana nguvu ya kuwasha jiko, huyo pia. Nikishawatoa hao wote, sioni nabaki na nani zaidi ya nafsi yangu na zile sketi.

Juzi niliingia mgahawa wa namna ileile. Kaunta haina mtu siku hizi, kuna skrini. Iliniuliza kuhusu kubwa mara mbili kabla ya kulipa. "Hapana" iliandikwa chini kabisa, rangi ya kijivu, herufi ndogo. Nilikuwa bado naitafuta na watu watatu wamesimama nyuma yangu.