Kufuta tatuu kwenye ngozi nyeusi: leza, kisu, na kovu litakalobaki

Hina ya bibi harusi hukaa kwenye tabaka la juu la ngozi, na ngozi ikijibadilisha ndani ya wiki mbili tatu hina nayo huondoka. Wino wa tatuu uko chini ya hapo, milimita 1 hadi 2 ndani. Chembe za kinga huumeza lakini haziwezi kuusaga, basi hubaki nao pale pale miaka nenda rudi. Ndiyo maana hakuna krimu ya kufuta tatuu. Mkorogo huchubua ngozi ya juu na kuuacha wino ulivyo. Maji ya betri huunguza mpaka chini, na unachopata ni kovu lenye umbo la tatuu ile ile.

Kitabibu zimebaki njia mbili za maana: kuuvunja wino kwa leza, au kukata kipande cha ngozi chenye wino. Kabla ya kuulizia bei, kagua makovu uliyo nayo: chanjo ya BCG, matundu ya hereni, mshono wa zamani. Kovu lililovimba na kutambaa nje ya mipaka ya kidonda ni keloidi, na mwenye keloidi asikubali kukatwa kifuani, begani wala mgongoni juu. Hata leza aianze kwa majaribio.

Leza inayofaa hupiga mwanga kwa nanosekunde (sehemu ya bilioni ya sekunde) chache tu, au pikosekunde, fupi zaidi mara elfu, kwa mashine mpya zaidi. Wino hupata joto la ghafla, hupasuka vipandevipande, kisha mwili huvibeba kidogo kidogo kupitia mishipa ya limfu kwa wiki kadhaa. Mashine huvunja tu. Anayezoa ni mwili wako. Kwa hiyo kupiga kila wiki hakuharakishi chochote, kunaongeza majeraha.

Kwenye ngozi yetu tatizo ni melanini, rangi ya asili ya ngozi, kwani nayo hufyonza mwanga. Uulize hivi kliniki: mashine yenu ina nanomita ngapi, yaani urefu gani wa wimbi la mwanga? Wimbi la 1064 ndilo linaloigusa melanini kidogo zaidi, na ndilo la kutumia kwa wino mweusi au buluu iliyokoza. Rangi nyekundu huhitaji 532, kijani 694 au 755, na hayo yote huvamia melanini: huunguza, au huacha mabaka meupe ambayo huchukua miezi kurudi, na mengine hayarudi. Mwenye ua jekundu lenye majani ya kijani ajue mapema kwamba mistari myeusi inaweza kuondoka na majani yakabaki. Anayekujibu kwamba ana mashine ya mwanga ya kuondolea vinyweleo, ile IPL, mshukuru uondoke. Mpigo wake ni wa milisekunde (sehemu ya elfu ya sekunde), mrefu mno kwa wino, hivyo joto husambaa kwenye ngozi ya jirani.

Nyusi za kuchorwa saluni zina mtego wake. Wino wa kahawia, waridi au mweupe mara nyingi una oksidi ya chuma au ya titani, na ukipigwa leza hugeuka mweusi au kijivu papo hapo. Ipigwe nukta moja ndogo pembeni kwanza, isubiriwe wiki 4 hadi 8, ndipo mengine yaendelee. Tena kwenye nyusi miwani ya kawaida haitoshi. Daktari hutia matone ya ganzi na kuweka ngao ya chuma chini ya kope.

Siku yenyewe, krimu ya ganzi ya lignokaini hupakwa na kufunikwa kwa plastiki kwa muda wa saa moja hivi. Usijipake nyumbani mgongo mzima: dawa hiyo huingia kwenye damu, na ikizidi huleta degedege na kuvuruga mapigo ya moyo. Mpigo wenyewe huuma kama mafuta ya maandazi yanapokurukia. Hapo hapo weupe kama chumvi hupanda juu ya wino, kisha hufifia ndani ya nusu saa. Weupe huo ni dalili kwamba nguvu imetosha. Damu na ngozi kuchanika ni dalili kwamba imezidi.

Malengelenge hutokea ndani ya siku moja. Usiyatumbue. Osha kwa maji na sabuni laini, paka mafuta ya mgando, funga bandeji isiyonata, na gaga uliache lidondoke lenyewe. Likikwanguliwa, hapo ndipo kovu huanza. Eneo hilo lisipigwe na jua.

Tatuu nyeusi ya fundi mzuri huhitaji mara 6 hadi 12, pengine zaidi, kwa mapumziko ya wiki 8 au zaidi kwa ngozi nyeusi. Ile ya kujichora kwa sindano na wino wa kalamu huondoka mapema zaidi. Kwenye kifundo cha mguu hukawia kuliko shingoni, na mvuta sigara hukawia kuliko asiyevuta.

Hesabu hiyo huwaumiza wanaokuja baada ya tangazo la ajira za polisi kutoka, lile linalotaka mwombaji asiwe na michoro mwilini. Leza ya mwaka mzima haiwahi usaili wa mwezi ujao. Kinachowahi ni kisu, kwa tatuu ndogo.

Kipimo chake ni rahisi: finya ngozi kwa vidole viwili pande zote za tatuu. Pande zikikutana bila kuvutana, inawezekana. Daktari hukata umbo la jani, urefu mara 3 ya upana, ili ncha zisitune. Tatuu ya duara la sentimita 2 basi huacha mstari wa takriban sentimita 6. Uonyeshwe kwa kalamu kabla ya sindano ya ganzi. Iliyo kubwa kiasi hukatwa kwa awamu, ngozi ikiachwa miezi kadhaa ilegee. Kubandika ngozi kutoka pajani ni jambo la mwisho, maana utakuwa na makovu mawili badala ya moja.

Nyuzi hutolewa siku ya 5 hadi 7 usoni, 7 hadi 10 mkononi, 10 hadi 14 kifuani, mgongoni na mguuni. Mshono ukianza kuwasha na kuinuka wiki chache baadaye, rudi mapema uchomwe sindano za triamsinoloni, dawa ya kusinyaza kovu; kovu changa husikia dawa kuliko lililokomaa.

Kisu kinafaa pia kwa wino mwekundu unaowasha na kuvimba, kwa sababu leza huutawanya mwilini na mzio unaweza kulipuka. Na kama ndani ya tatuu kuna baka jeusi la asili, lisipigwe leza kabisa. Likatwe, lipelekwe maabara.