Jibu: Minyoo kwenye teraria ya vyura

Mkuu, kabla hujaanza kung'oa mimea kwenye teraria (tanki la kioo unalofugia vyura) kisa hiyo minyoo unayoiona kwenye kioo usiku, iangalie vizuri kwanza. Kama ni viuzi vyeupe vidogo vinajipindapinda kwenye majimaji hao ni nematodi, wanakula vilivyooza, achana nao. Ila kama anateleza na kuacha ute kama konokono, na ukimgusa anarusha uzi mweupe kutoka kichwani, huyo ni nemertea (mnyoo utepe) na ndo noma yenyewe, vyura wenyewe hawadhuru ila anawamalizia kolembola (vijidudu vidogo vinavyoruka udongoni), isopodi (vidudu vya miguu mingi vya chini ya magogo) na nzi wa matunda, yani msosi wao wote.

Dawa ya wadudu usithubutu, ngozi ya chura inafyonza kila kitu. Wengi wanatumia barafu kavu (hewa ya ukaa iliyogandishwa): hamisha vyura WOTE, weka barafu kwenye bakuli humo ndani (vaa glovu zile nene), hewa ya ukaa ni nzito inatulia chini inawakosesha pumzi hao minyoo na mimea inabaki freshi. Usizibe tanki kabisa, kioo kitapasuka, na chumba fungua madirisha. Mayai ya minyoo mara nyingi yanapona kwahiyo rudia baada ya wiki kadhaa. Kolembola nao watakufa humohumo, utaweka wapya.